Pakia Kwanza Ndipo Ulipe

(Mazungumzo na wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Miyuji, Dodoma)



Kamati imenipa nusu saa nizungumzie jambo ambalo miaka kumi iliyopita hakuna aliyelitaja katika mikutano yetu, nalo ni gari la familia. Tulipoanza tulikopeshana fedha za sare za shule, mbegu za alizeti na mtaji wa genge. Leo wapo wanachama wanaoomba mkopo wa kununua gari lililotumika. Hayo ni maendeleo, wala sitaki kuyabeza. Lakini mkopo wa gari ni mkubwa kuliko mikopo tuliyoizoea, na ukikwama haukwami peke yake. Mwezi wa Novemba mvua ikikaribia, wenzetu wanataka fedha za mbegu na za kulimia. Wakijibiwa kwamba sanduku halina kitu, fedha ziko kwenye gari la fulani, na hilo gari lenyewe liko gereji, jamani, hapo ndipo vikundi vinapovunjika. Kwa hiyo naomba mnisikilize kama watu wanaosikiliza habari za sanduku lao.

Kwanza tukubaliane tunataka gari la kufanya nini. Nimezungumza na wengi wenu, na jibu limekuwa moja: gari la kubeba familia pamoja na mizigo ya kwenda kulala huko. Sisi watu wa Dodoma tunalala nje ya nyumba zetu kuliko tunavyodhani. Wapo wenye mashamba Bahi, Chamwino na Kongwa, ambao mtama ukishatoa masuke wanahamia shambani kuamia ndege. Wapo wanaokwenda makambi ya kanisa na magodoro yao na sufuria zao. Kuna misiba, ambapo unakaa siku tatu nne kijijini. Na siku hizi watoto wanataka kwenda kuona michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wapige hema na walale. Barabara ya lami ya kutoka hapa hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na Kondoa ni karibu kilomita 160 tu. Hamu ya kusafiri imeongezeka, na ni haki yetu.

Sasa hebu tuseme ukweli kuhusu nafasi.

VITI NA BUTI

Ukienda yadi, au dalali akikuletea gari mlangoni, atafanya mambo mawili. Atafungua milango akuhesabie viti: "Mama, hili ni la watu wanane." Kisha atazunguka nyuma, atakunja viti vya mwisho na kukuonyesha buti: "Mama, hapa unaingiza hata kitanda." Yote mawili ni kweli. Lakini hayawi kweli kwa wakati mmoja! Viti vikikaliwa, buti halipo. Buti likiwepo, watu watatu hawana pa kukaa. Na sisi tunajua wanapokaa: juu ya magunia, bila mkanda, mara nyingi ni watoto. Breki moja ya ghafla kwenye lami na mtoto yule anaruka hadi kioo cha mbele, na mtungi wa gesi unamfuata.

Kwa hiyo nafasi ya gari ipimwe watu wote wakiwa wamekaa vitini. Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema, na mengine yote yanalifuata.

Tuangalie magari tunayoyaona zaidi hapa mjini.

Toyota Wish na Sienta zina siti saba na ni nafuu kwa mafuta. Ila siti za nyuma zikiinuliwa, pale nyuma unabaki upana wa mabegi machache. Kwa familia ya watu watano wanaokunja siti za nyuma, ni gari zuri. Kwa watu saba na hema, hapana. Tena ziko chini, na ukishapakia zinakwaruza kwenye makorongo yetu.

Noah na ndugu yake Voxy, hasa zile zilizoanza kutoka mwaka 2001, zina mistari mitatu ya viti: wawili, watatu, watatu. Uzuri wake ni kwamba kiti cha nyuma kimegawanyika nusu kwa nusu, na kila nusu inakunjwa na kuinuliwa ubavuni peke yake. Ukikunja upande mmoja, wanabaki viti vya watu sita au saba, na upande wa pili unapanga mzigo hadi karibu na dari. Ndiyo maana familia nyingi zimelipenda. Zile Noah za zamani zaidi, za mwaka 1996 hadi 2001, injini yake iko chini ya siti za mbele na inazungushwa kwa mkanda wa taimingi. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini. Asipojua, hesabu bei ya kuubadilisha kabla ya safari ya kwanza.

Probox na Succeed wengine wanazidharau kwa kuwa zinafanana na gari la dukani. Lakini kwa familia ya watu wanne au watano wenye mizigo ya shamba, sijui gari la bei yake linalozishinda. Buti lake ni bapa, pana, na mlango wa nyuma unafunguka wote.

RAV4, X-Trail na nyingine zilizoinuka zinapita vizuri mchangani, na za kuvuta magurudumu yote manne zinafaa kwa anayekwenda shamba la ndani mvua ikinyesha. Ila nyingi ni za watu watano, na buti lake ni fupi kuliko linavyoonekana kwa nje. Usinunue urefu wa gari ukadhani umenunua nafasi. Hiace inabeba kila kitu, hilo halina ubishi. Jiulize tu kama utalimudu gari hilo kila siku ya kwenda sokoni Sabasaba kununua nyanya.

HESABU YA KILO

Akina mama, sisi tunapima unga, tunapima mchele, tunapima hata mtoto kliniki. Tupime na mzigo wa gari.

Magari haya yametoka Japan. Kule gari la abiria linaposajiliwa, kila mtu anahesabiwa kilo 55. Uzito wa jumla unaoandikwa kwenye hati ni uzito wa gari tupu kujumlisha idadi ya viti mara kilo 55. Basi Noah ya watu wanane imeandikiwa kilo 440. Wish ya watu saba, kilo 385. RAV4 ya watu watano, pamoja na ukubwa wake wote, kilo 275! Angalieni: hakuna hata kilo moja iliyowekwa kwa ajili ya sufuria. Magari yaliyosajiliwa kule kama ya mizigo ndiyo yana hesabu ya mzigo. Probox ya namna hiyo imeandikiwa kilo 400 wakikaa watu wawili, na kilo 250 wakikaa watano.

Sasa chukueni familia ya kawaida ya Miyuji inayokwenda kukaa wiki moja shambani. Baba kilo 75, mama 70, bibi 60, na watoto watatu wenye kilo 40, 30 na 25. Jumla kilo 300. Mizigo: madumu manne ya maji, kilo 80. Magodoro matatu, 24. Hema na turubai, 20. Jiko na mtungi mdogo wa gesi, 15. Sufuria, sahani na ndoo, 20. Unga, mchele na maharage, 40. Nguo, mashuka na vyandarua, 30. Majembe na vifaa vya gari, 10. Jumla kilo 239. Ukijumlisha na watu, ni kilo 539, na Noah yetu imeandikiwa 440. Tumezidi karibu kilo 100 kabla hatujarudi na gunia la mtama.

Je, gari litavunjika pale pale? Hapana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Litaondoka vizuri. Lakini springi zitakaa chini, tairi zitapata moto, breki zitachukua umbali mrefu zaidi kusimama, na gia boksi itafanya kazi ya punda. Mwaka mmoja hivi utaanza kulilaumu gari, kumbe gari halina kosa.

Dawa yake ipo. Maji mengi yatekwe mnapofika, mbebe dumu moja la njiani. Hapo mmepunguza kilo 60. Na baba apande basi! (Vicheko.) Mnacheka, lakini pigeni hesabu: 539 toa 60, toa 75, inabaki 404. Gari limekaa sawa, na baba amefika salama. Kama shemeji zetu hawataki basi, basi magunia yatangulie kwa gari la mzigo la kukodi.

Vitu vizito kama madumu na unga vikae chini, karibu na migongo ya viti. Juu ya keria weka magodoro, mikeka na hema tu. Ukiweka madumu juu ya keria, gari linakuwa kama mwanamke aliyejitwika mtungi huku anakimbia: akikata kona, anaanguka. Mtungi wa gesi usimame wima, ufungwe kamba, na vioo viachwe wazi kidogo.

SIKU YA KWENDA KULIONA GARI

Siku hiyo usiende na mkoba peke yake. Nenda na watu wako wote na mzigo wako wenyewe: magodoro, hema, madumu matupu, sufuria kubwa kuliko zote. Mwambie muuzaji, "Naomba nipakie." Muuzaji wa kweli atakubali. Waketi wote, wafunge mikanda, na uhakikishe kila kiti kina mkanda unaofunga. Kisha pakia. Kama mlango wa nyuma haufungi bila kusukumwa na watu wawili, umepata jibu lako bila kulipa hata senti.

Likishapakiwa, tembea nalo. Lipandishe mlima wa kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, saa za jua kali. Angalia kipimo cha joto. Gari ambalo halichemshi likiwa tupu asubuhi linaweza kuchemsha likiwa na watu sita saa nane mchana. Lipitishe na kwenye vumbi, kisha simama na upitishe kidole ndani ya buti. Kidole kikitoka chekundu, mipira ya milango imekwisha, na mashuka yako yatafika shambani yakiwa na rangi ya udongo wa Dodoma.

Fundi awe wako, umlipe wewe, asiwe yule aliyesimama na muuzaji. Lije asubuhi injini ikiwa baridi. Wauzaji wengine huliwasha mapema ili kelele za injini baridi zisisikike. Afungue kifuniko cha oili, aangalie moshi, na anuse oili ya gia boksi kama imeungua. Ainue zulia la buti na kuangalia pale linapokaa tairi la akiba. Ukiona alama za kuchomelea, gari liligongwa nyuma. Ukiona matope makavu, lilizama majini. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani, hata likiwa na meno mazuri, halifai kubebeshwa kilo 500.

Namba ya kilomita kwenye dashibodi isikulevye. Hiyo inarudishwa nyuma. Tazama usukani ulivyochakaa, mpira wa pedali ya breki na siti ya dereva. Siti ya dereva ikiwa imechanika na gari linasema limetembea kilomita 60,000, mmoja wao ni mwongo. Kwa magari yaliyopita mnadani Japan, ipo karatasi ya mnada yenye kilomita na daraja la gari. Daraja la 4 ni zuri, na herufi R inaonyesha gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Omba uione, na mpe mtu anayeweza kuisoma.

Na hili la namba za gari. Watu wanasema, "Hili ni namba D, hili ni namba E, jipya hili." Herufi ile inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 linaweza kuingia juzi na kupewa namba E. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi.

KARATASI NA FEDHA

Kama unanunua hapa nchini, namba ya chasisi iliyoko kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na hati ya kumruhusu. Uliza kama gari lina faini za barabarani ambazo hazijalipwa, kwa kuwa faini inafuata namba ya gari. Andikianeni mkataba mbele ya wakili, lipeni kupitia benki, na ukamilishe kuhamisha umiliki TRA. Usikae na gari lenye jina la mtu mwingine ukasema "nitabadilisha mwakani".

Ukiagiza mwenyewe, bei ya gari kule Japan ni mwanzo tu. Kuna nauli ya meli, gharama za bandari na kodi. TRA wana kikokotoo chao kwenye mtandao. Ukiweka aina ya gari na mwaka wake, kinakupa kodi yake. Gari likizeeka sana linaongezewa kodi ya uchakavu, hivyo la bei rahisi kule linaweza kuwa ghali hapa. Piga hesabu hiyo kabla ya kutuma fedha.

Wajapani wanayauza magari haya kwa sababu kwao gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi ule una gharama kubwa. Wengi wanaona heri wanunue jingine. Kwa hiyo uzee wa gari peke yake si ubovu. La muhimu ni limetunzwaje.

Fedha zako zigawe mafungu kumi. Nane za kununulia, mbili zibaki kwa tairi, oili, bima na matengenezo ya miezi ya mwanzo. Asiyeweza kubakiza mbili, achague gari la bei ya chini kidogo. Na tuseme, kwa mfano, umekopa shilingi milioni 6 kwa miezi 12. Hiyo ni 500,000 kila mwezi, bado riba, bado mafuta. Kwenda Kondoa na kurudi ni kilomita 320. Gari la lita mbili lililopakiwa likienda kilomita 10 kwa lita, hizo ni lita 32. Kama mshahara au biashara yako haiwezi kulipa hayo gari likiwa limesimama uani, usitegemee gari lijilipe lenyewe. Najua mawazo ya "litapiga tripu kidogo". Gari la binafsi likibeba abiria wa kulipa bila leseni ya LATRA na bila bima ya biashara, siku ya ajali bima inaweza kukukana, na deni la kikundi litabaki pale pale.

MAOMBI YANGU KWA KAMATI

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo. Anayeomba mkopo wa gari alete karatasi tatu. Ya kwanza ni orodha ya watu wake na mizigo yake na kilo zake, kama tulivyofanya hapa. Ya pili ni taarifa ya fundi wake, yenye jina na sahihi. Ya tatu ni nakala ya kadi au hati ya gari. Wadhamini wake wazisome zote tatu kabla ya kuweka sahihi. Na mikopo ya namna hii isitolewe kati ya Septemba na Desemba, ili fedha za mbegu zisiguswe.

Pendekezo la pili ni dogo. Wengi tunahitaji hema, turubai na masufuria makubwa mara mbili tu kwa mwaka. Kikundi kinunue seti moja nzuri, tukodishiane kwa bei ya kindugu. Anayesafiri na mizigo mingi mara mbili kwa mwaka anaweza kununua gari dogo la kila siku, na siku mbili zile akakodi Hiace. Hesabu yake itatoka vizuri kuliko kubeba deni la gari kubwa miaka mitatu kwa ajili ya safari sita.

Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baadaye enzi za Mzee Mwinyi, magari ya mtumba yalianza kuingia kwa wingi. Kwa miaka mingi kuchagua gari kulikuwa kazi ya wanaume, na sisi tuliitwa kuja kupongeza. Sasa fedha ni zetu na sahihi ni zetu. Anayejua godoro lina upana gani, nani anatapika akikaa nyuma, na bibi anahitaji mlango wa kimo gani, ni mama. Ujuzi huo ndio unaochagua gari la familia, na fundi anakuja kuthibitisha.

Mwanachama atakayenunua gari mwaka huu, namwomba alipakie kwanza ndipo alipe. Na asiyenunua asijione amebaki nyuma. Hisa zake zimo sandukuni, zinamlisha mwenzake, na zamu yake itafika.

Akina mama wa Miyuji, hongereni kwa miaka kumi!